Gazi, Shimoni na Wasini kwa siku moja: kufuata maji kusini ya Mombasa

Watu wengi wakishavuka feri ya Likoni safari yao inaishia Ukunda. Wanakata kushoto kuingia Diani, wanakaa mchangani, na wakienda mbali sana ni mpaka Galu bas. Mchanga wa Diani ni mzuri sina neno nao, lakini ukiendelea na ile barabara ya Lunga Lunga mbele kidogo tu kuna pwani nyengine kabisa, pwani ya tope na mikoko na vijiji vya zamani ambavyo watu wake bado wapo na wanakaa na kuvua na kuswali palepale waliposwali babu zao. Hiyo ndio nataka kuwaandikia leo manake tumeizunguka kutwa nzima, watu wanane na mtembezaji mmoja kijana wa huko huko, na tangu nirudi kila nikikutana na mtu namueleza habari za mikoko mpaka nyumbani wamechoka nami.

Wacha nianze na maji manake bila kuelewa maji hii safari haiendi. Yule kijana alipofungua grupu la wasap hakutuuliza wikendi gani tuna nafasi, alituambia tarehe tu. Alikua ameshaangalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndio siku za bamvua, maji yanapwa kabisa na yanajaa kabisa, na tofauti ya juu na chini huku kwetu inaweza kufika karibu mita 4. Alafu pwani yetu ina utaratibu wake mzuri sana ambao wavuvi wanaujua kichwani: siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwahiyo asubuhi unaenda Gazi wakati tope liko wazi na kila kitu kinachoishi ndani yake kimetoka, na alasiri unakua Wasini maji yanapanda. Ukienda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupati hiki wala kile, maji hayatoki vizuri na hayaji vizuri. Ukiona mtu anakuuzia safari ya mikoko na hana habari na mwezi, mimi ningetafuta mwengine.

Tulivuka Likoni alfajiri (wengine siku hizi wanazunguka na Dongo Kundu, ni sawa pia), tukapita Ukunda, tukapita Kinondo kwenye ile kaya ya Wadigo, msitu wao mtakatifu. Kaya Kinondo ni katika kaya za Wamijikenda ambazo UNESCO iliziandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, na inataka siku yake peke yake, huingii mbio mbio huko, unavalishwa kaniki na unafuata masharti ya wazee na hutoki hata na jani. Sisi tuliiacha. Afadhali kuacha kuliko kuingia kwa dakika kumi ya picha.

Gazi utaipita kama hujui. Ni kabla ya Msambweni, unakata kushoto unaingia kwenye minazi, nyumba za udongo na makuti zimechanganyika na za matofali, na ghafla umefika kijijini. Akina mama wa kikundi cha mikoko walikua wanatusubiri, tukaamkiana, shikamoo mama marahaba mwanangu, na wao ndio waliotutembeza kuanzia hapo, yule kijana akakaa nyuma. Hili nililipenda sana. Hakujifanya anajua mikoko kuliko mama aliyeipanda.

Kuna daraja la mbao la kutembelea, jembamba, linaingia ndani ya mikoko mpaka unaona maji ya ghuba. Watu wawili hawapiti sambamba. Hapo ndio utajua kwanini kikundi kidogo ni muhimu, manake mama akisimama kueleza watu wanane wote wanamsikia na wote wanaona anachoonyesha, lakini walete arubaini wa basi moja wa nyuma hata hawajui amesema nini, wataona migongo tu.

Mimi ni mtoto wa pwani na maisha yangu yote nilikua nikisema mikoko nikimaanisha ile miti yote ya kwenye maji. Kumbe Kenya kuna aina 9 na kila moja ina jina lake na mahali pake pa kusimama. Anayekaa mbele kabisa kuelekea bahari ni mlilana, huyo anavumilia mawimbi, na mbao zake zilizojipinda ndio mafundi wa vyombo walikua wakizitaka kwa mataruma, zile mbavu za chombo. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu iliyojipanga nje inayoushikilia mti juu ya tope. Halafu kuna muia ambao wengine wanauita msinzi, kuna mkandaa ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi, kuna mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo, na nyuma kabisa karibu na nchi kavu kuna mchu, ambao mizizi yake inachomoza juu ya tope kwa maelfu kama mtu amepanda penseli shamba zima. Ile mizizi ndio pua ya mti. Tope la mikoko halina hewa ndani, ndio maana linanuka vile likichimbwa, kwahiyo mti unatoa mizizi juu kuvuta pumzi maji yakipwa. Na ukiangalia jani la mchu kwa karibu utaona chumvi imeganda juu yake, mti unakunywa maji ya bahari unatoa chumvi kwa majani. Tuliramba, ni chumvi kweli.

Alafu mbegu ya mkoko. Haianguki kama mbegu nyengine, inaota ikiwa bado juu kwa mamaake, inaning'inia kijani ndefu, ikiwa tayari inaanguka na kama maji yamepwa inajichoma kwenye tope na kuanza maisha, kama maji yamejaa inaelea mpaka itakapofika. Tulipewa kila mmoja moja akapande. Chini yetu kaa wadogo walikua wamejaa, kaa dume mwenye gando moja kubwa anapunga, na wale samaki wa ajabu wanaoruka ruka juu ya tope kama wamesahau kuwa ni samaki, na yangeyange anatembea taratibu anachagua. Tope lote linatembea. Nusu saa nzima hakuna mtu aliyeangalia simu isipokua kupiga picha.

Mama akatueleza kuwa pale tulipokua tumesimama miaka ya nyuma palikua peupe. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda, ikakatwa mpaka sehemu nyengine haikuweza kurudi yenyewe, ufuo ukaanza kuliwa na bahari na samaki wakapungua. Hii si hadithi ya kutisha watu, ni kazi ya kawaida ya mikoko: kamba na samaki wengi tunaowala wanakua wadogo kwenye ile mizizi kabla hawajatoka nje, ukiondoa mizizi umeondoa chekechea yao. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, lile shirika la utafiti wa bahari, walianza kupanda pamoja na wanakijiji na wakapanda mwaka baada ya mwaka. Baadae ikaja Mikoko Pamoja mwaka 2013. Hii nilikua nikiisikia kwenye redio sijaielewa, sasa nimeielewa. Gazi na jirani zao Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, wataalamu wanapima hewa ya ukaa ambayo huo msitu unaifungia, ni kama tani 3,000 kila mwaka, na watu na makampuni ya nje wananunua hiyo kazi. Pesa zinakuja kijijini na kijiji kinakaa mkutano kuamua. Maji ya bomba yamevutwa, vitabu vya shule vimenunuliwa. Ndio mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko, yaani hiyo hewa ya ukaa iliyofungiwa, duniani jamani, na uko Gazi, si mbali sana kutoka pale watu wanapogeukia Diani. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Na Vanga kule mpakani wameiga, mradi wao wa Vanga Blue Forest ulianza 2019, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, na msitu wao ni mkubwa zaidi.

Sababu ya kaboni kukaa sana kwenye mikoko ni lile tope lenyewe. Majani na mizizi iliyokufa haiozi haraka mahali pasipo hewa, inazikwa tu, mwaka juu ya mwaka, kwahiyo utajiri mwingi uko chini ya miguu kuliko kwenye miti unayoiona. Ukikata mti tu umeharibu kidogo, ukilifukua tope ndio umeharibu kabisa.

Kutoka mikokoni tulitembea mpaka kwenye nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, na hapa ndio safari yote ilinijia pamoja kichwani. Huyu Mbaruk alikua kiongozi wa Wamazrui wa Gazi, alisumbuana na Sultani wa Zanzibar miaka mingi, na Waingereza walipoingia akawapiga vita, 1895 mpaka 1896, mwisho akavuka mpaka na watu wake kuingia upande wa Wajerumani, akamalizia maisha yake Dar es Salaam. Nyumba ni ya mawe, kuta nene, na mzee aliyetupokea akatuambia tuangalie juu. Boriti. Dari limekaa juu ya boriti za mikoko, zile zile tulizotoka kuziona zikiwa hai.

Mzee akatuhesabia majina ya miti kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila moja ina kazi yake, fito na pau za kujengea kuta za udongo na mapaa ya makuti, boriti za kubebea dari la nyumba ya mawe. Na ndio sababu ukiingia nyumba yoyote ya kale ya Waswahili, iwe Lamu au Mji wa Kale Mombasa au Unguja, vyumba ni virefu na vyembamba, upana hauzidi sana mita 2.5 au 3. Boriti ndio imeamua. Mti wa mikoko ulionyooka haufiki mbali zaidi ya hapo ukibeba uzito wa dari la chokaa na mawe, kwahiyo fundi anaweza kurefusha chumba atakavyo lakini hawezi kukipanua. Mimi nimekulia kwenye nyumba kama hizo na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa upana wa chumba nilicholala umepimwa na mti wa kwenye tope.

Na si sisi tu. Majahazi yalikua yakija na kaskazi kutoka Oman na Ghuba yote mpaka Kuwait na Basra, yanaleta tende na mazulia na vyombo, yanarudi na kusi yamejaa boriti zetu, manake kule hakuna miti ya kujengea. Nyumba za kale za Ghuba zina dari za mikoko ya Afrika Mashariki. Kenya ilikataza kupeleka boriti nje mwaka 1982. Ukisimama Gazi unaona yote mara moja, tope, mti, nyumba, jahazi. Ndio maana sikubaliani kabisa na zile safari zinazotenganisha, leo mazingira kesho historia. Hapa huwezi kuzitenganisha, ukienda mikokoni bila kuingia kijijini umeona nusu na ukienda kijijini bila kushuka mikokoni umeona nusu.

Shimoni ni mwendo kidogo, unapita Msambweni na Ramisi penye miwa, unakata kushoto tena mpaka bahari ikuzuie. Mapango yako karibu sana na gati. Unashuka ngazi unaingia gizani, popo juu, mawe ya matumbawe yamechongwa na maji tangu zama za kale, na kwenye kuta unaonyeshwa vyuma. Wenyeji wanaeleza kuwa watu waliokamatwa bara waliletwa hapa wakawekwa wakisubiri vyombo vya kuwapeleka soko la Zanzibar. Hilo soko lilifungwa 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa kutia saini, lakini utumwa wenyewe kwenye pwani yetu ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907. Aliyetutembeza ni mtu wa Shimoni, mapango yanasimamiwa na kijiji na ada unayolipa inabaki kwao. Alieleza kwa sauti ya chini, hakuongeza chumvi, alafu akatuacha tukae. Hatukupiga picha nyingi. Kati yetu kulikua na mama mmoja mtu mzima aliyekuja na binti yake, akasoma fatha kimya kimya, na wengine wetu tukanyanyua mikono pamoja naye. Kikundi kikubwa kingeweza vipi kufanya hivyo, kila mtu na kelele zake, sijui.

Juu kuna jengo la mkoloni ambalo limekua makumbusho madogo, pita usome, Shimoni ilikua kituo cha mwanzo mwanzo cha ile kampuni ya Waingereza ya IBEA kabla mambo hayajahamia kwengine. Sisi tulipita haraka, boti ilikua inasubiri.

Kuvuka kwenda Wasini si mbali, mkondo ule ni mwembamba na kisiwa unakiona chote mbele yako. Hakuna gari hata moja kisiwani. Kuna vijiji viwili vikubwa, Wasini kwenyewe na Mkwiro upande wa pili, na watu wa Wasini ni Wavumba, wana Kivumba chao ambacho mimi nilikua nikikisikiliza tu kwa raha. Zamani mji wao mkuu ulikua bara, Vumba Kuu, upande wa Vanga, na walitawaliwa na Diwani ambaye alikua na siwa yake, lile pembe la utawala, na kilemba, na mwavuli, si kila mtu aliruhusiwa hivyo vitu. Ukitembea kijijini unaona magofu katikati ya nyumba zinazokaliwa, na kuna kaburi la kale lililotiwa vyombo vya kaure ya Kichina kwenye ukuta wake. Watoto wanacheza hapo karibu. Hakuna uzio. Natamani vijana wa kisiwani wapewe namna ya kulitunza maana hewa ya bahari haisubiri mtu.

Maji ya kunywa ndio historia ya Wasini. Kisiwa ni jiwe la matumbawe, hakina mto wala kisima kizuri, kwahiyo watu wameishi kwa jabia, wanakinga mvua kutoka kwenye paa inaingia tangini na inahesabiwa. Bi mmoja alituambia utotoni mwake waliogea maji ya bahari na wakasuuzia kata moja tu. Fikiria hilo unapofungua mfereji.

Chakula nitakisema kwa ufupi manake nitasikia njaa: kaa wa kuchemsha na ndimu, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mwani uliokaangwa ambao watu wawili walikua wanauogopa na mwisho wakaomba tena.

Alasiri sasa maji yanapanda, tukaenda kwenye bustani ya matumbawe ya akina mama wa Wasini. Hii pia ni daraja la mbao lakini mandhari yake sijawahi kuona popote: matumbawe ya kale yaliyokufa yamesimama juu ya nchi, makubwa, meusi, yamechongoka, na kati yake mikoko na majani ya pwani. Maji yakipwa unapita juu ya mchanga na mimea. Siku ya bamvua kama ile, saa kumi, bahari inaingia kwa chini polepole bila kelele, inazunguka kila jiwe, na baada ya muda kidogo uko juu ya maji. Hapo ndio nilielewa kwanini kijana wetu alitupangia kwa mwezi. Wale mama walianzisha kikundi ili na wao wapate kitu kutokana na wageni ambao walikua wanashuka kisiwani, wanakula kwenye mikahawa na kuondoka, na pesa za kiingilio zimesaidia mambo ya kijiji na masomo ya watoto. Lipa kiingilio chote, usianze kuomba punguzo pale.

Watalii wengi wanaijua Wasini kwa pomboo na kwa hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, na ni kweli ni kuzuri, lakini ukichanganya Kisite na hivi nilivyoandika siku moja haitoshi, utakimbia kote na hutaona popote. Chagua. Na kama utaenda kwa pomboo, muombe nahodha asiwakimbize, azime mashine waje wenyewe.

Kama mnataka kwenda, panga watu sita mpaka wanane, hiyo inatosha nissan moja na boti moja na gharama inagawika vizuri. Lipeni kila mahali kwa wenyewe, Gazi kwa akina mama, Shimoni kwa kijiji, Wasini kwa akina mama wa Wasini, wote wanapokea mpesa. Viatu viwe vya kufunga vinavyoweza kuloa, ndala zitabaki kwenye tope. Vaeni nguo za heshima, leso kwa wanawake ni muhimu, hivi ni vijiji vya Waislamu na watu wanakaa na familia zao. Msipige picha za watu bila kuuliza. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha na chupa mrudi nazo. Miezi ya kusi, hasa Juni na Julai, bahari inachafuka kidogo na boti inaweza kuchelewa, kaskazi ndio raha zaidi. Na kama mna muda wa ziada Shimoni, ombeni mpelekwe Kibuyuni hapo jirani muone akina mama wanavyolima mwani, lakini hiyo ni asubuhi maji yakiwa yamepwa, kwahiyo itabidi mkalale Shimoni usiku mmoja, nami ndio mpango wangu bamvua nyengine nikipata watu wa kwenda nao. Anayetaka aniandikie hapo chini mapema, nafasi ni chache na tarehe itatoka kwa mwezi kama kawaida.